Gari Kuukuu Linapogoma: Mama Naye Aweza Kujua Mafuta Yamekwama Wapi

Mwezi huu tumeweka kando kidogo habari za mapishi na malezi, tukafungua boneti ya gari. Msishangae. Katika nyumba nyingi za Kibiti, Bungu na Ikwiriri gari kuukuu si anasa. Ndilo linalopeleka korosho na nazi sokoni. Ndilo linalobeba kwaya kwenda kusali na wenzao wa kijiji cha pili. Tena usiku wa manane, jirani ambaye mkewe ameshikwa na uchungu huja kugonga mlango wa mwenye gari, awe Mkristo au Mwislamu. Siku gari hilo likigoma, nyumba nzima hugoma nalo.

Mara nyingi siku hiyo baba hayupo. Yuko shamba, au amekwenda Dar es Salaam kwa shughuli zake. Mama hubaki na ufunguo mkononi, hajui aanzie wapi. Fundi akipigiwa simu, wapo wanaosema pale pale, "Hiyo pampu imekufa," bila hata kuliona gari. Pampu hutafutwa mjini, safari ya kilometa kama 140 kutoka Kibiti. Hufungwa, na gari bado halina nafuu. Baadaye hugundulika kwamba ni mpira wa mafuta uliopasuka, kitu cha bei ndogo sana. Wakati huo fedha ya ada ya mtoto imekwisha kwenda.

Hatuandiki ili kila mama awe fundi. Tunaandika ili mama aweze kutazama, kusikiliza na kunusa kwa utaratibu, akianzia kwenye tangi na kuishia kwenye injini, na kujua ubovu uko upande gani kabla senti haijatoka mfukoni. Tunaandika pia ili ajue mahali pa kuishia, maana petroli si kitu cha kuchezea.

KWANZA USALAMA WA NYUMBA

Petroli yenyewe huonekana kama maji, lakini hatari yake kubwa imo katika mvuke wake. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Hauendi juu kama moshi wa kuni, bali hutambaa chini, hupita mlangoni, na waweza kulifikia jiko la mkaa lililo mbali na gari. Hapo moto hurudi nao mpaka kwenye tangi. Taifa letu halijasahau yaliyotokea Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019. Lori la mafuta lilianguka, watu wakakimbilia kuchota petroli iliyomwagika, moto ukalipuka na zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha. Wengi wao walikuwa vijana, watoto wa akina mama kama sisi.

Kwa hiyo, kabla ya kugusa lolote, shikeni kanuni hizi:

1. Gari likaguliwe nje, mahali penye upepo, mbali na jiko, kibatari, mshumaa na mvuta sigara. Mwanga uwe wa mchana au wa tochi. Asitokee mtu wa kuwasha kiberiti ili achungulie ndani ya tangi.

2. Injini iwe imezimwa na kupoa. Ikiwa kuna mpira wowote utakaofunguliwa, waya wa hasi wa betri utolewe kwanza ili cheche isiruke.

3. Watoto wasikae karibu. Ndoo ya mchanga mkavu iwe mkononi. Maji hayazimi moto wa petroli, huusambaza.

4. Ncha za khanga na mtandio zifungwe vizuri zisinase penye feni au mkanda wa injini.

5. Mafuta yasivutwe kwa mdomo kamwe. Petroli ikiteremka kwenye mapafu, hata kidogo, huyaunguza.

6. Petroli, dizeli na mafuta ya taa yasiwekwe kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Mtoto mwenye kiu hasomi lebo. Ikitokea amekunywa, msimtapishe, wala msimpe maziwa au mafuta ya kula ili atapike, kwa sababu anapotapika ndipo mafuta huingia mapafuni. Mvueni nguo zilizolowa, osheni ngozi kwa maji na sabuni, kisha mkimbizeni kituo cha afya pamoja na ile chupa ili mganga aone alichokunywa.

NJIA YA MAFUTA ILIVYO

Mfumo wa mafuta haushindi kueleweka kwa mtu anayejua kuchuja chai. Mafuta hukaa kwenye tangi. Hutoka kwa bomba refu la chuma linalopita chini ya gari, na mahali penye mtikisiko huunganishwa kwa mipira. Njiani huwekwa chujio, ambalo mafundi huliita filta, la kuzuia uchafu. Pampu ndiyo inayoyavuta na kuyasukuma. Mwisho mafuta hufika kwenye kabureta katika magari ya petroli ya zamani, au kwenye nozeli katika magari yaliyofuata na yale ya dizeli. Hapo huchanganyika na hewa na kuungua ndani ya injini.

Pampu ya gari lenye kabureta aghalabu iko ubavuni mwa injini na huendeshwa na injini yenyewe. Pampu ya gari la petroli lenye nozeli kwa kawaida ni ya umeme na imo ndani ya tangi. Muulizeni baba au fundi siku ya raha gari lenu ni la namna gani, na chujio limekaa wapi. Jambo hilo lisingoje siku ya shida.

Kitu kimoja zaidi: tangi lazima lipumue. Mafuta yakitoka, hewa iingie mahali pake. Mama yeyote aliyetoboa kopo la maziwa tundu moja tu anajua jinsi maziwa yanavyokataa kutoka mpaka utoboe la pili. Tangi la gari nalo ni vivyo hivyo.

JE, KWELI NI MAFUTA?

Injini ya petroli inadai vitu vitatu: mafuta, hewa na cheche ya moto kutoka kwenye plagi. Basi tusiharakishe kuyasingizia mafuta.

Mkipiga stata na injini ikazunguka kwa uzito na uchovu, au ikasikika "tak, tak" tu, tatizo ni la betri, nyaya zake au stata. Mafuta hayahusiki hapo. Angalieni vichwa vya betri kama vimelegea au vimeota unga mweupe.

Stata ikizungusha injini kwa nguvu lakini injini haishiki, hapo ndipo tunaanza kuyauliza mafuta. Swali la kwanza litawachekesha: mafuta yamo? Geji ya gari kuukuu ni kama saa mbovu, yaweza kuonyesha nusu tangi hali tangi ni kavu. Tikiseni gari kidogo ubavuni huku mmoja akisikiliza penye tangi kama mafuta yanachezacheza. Kama mdomo wa tangi unaruhusu, chovyeni kijiti safi kikavu mtazame kimelowa hadi wapi. Ni mara nyingi kuliko tunavyopenda kukiri kwamba ugonjwa wa gari ni ukavu wa tangi.

Swali la pili ni la pua. Baada ya kupiga stata mara mbili tatu, kila mara kwa sekunde zisizozidi 10, nendeni nyuma mnuse kwenye ekzosi. Kukiwa na harufu kali ya petroli, basi mafuta yanafika, pengine hata yamezidi, na shaka ihamie kwenye cheche. Kusiposikika harufu yoyote, yaelekea mafuta hayafiki.

Kwa gari la kabureta kuna jaribio moja zuri. Injini ikiwa imezimwa na ni baridi, fungueni mfuniko wa chujio la hewa, mchungulie koo la kabureta kwa tochi. Mmoja avute kwa mkono waya wa mafuta, ule unaovutwa na pedeli. Mkiona petroli ikichuruzika kama uzi mwembamba ndani ya koo, mafuta yamefika mpaka kwenye kabureta. Mkivuta mara kadhaa pakabaki pakavu, mafuta yamekwama nyuma yake.

Kwa gari lenye pampu ya umeme, mmoja awashe swichi bila kupiga stata, mwingine asikilize karibu na tangi. Magari mengi hutoa mlio mfupi wa pampu, sekunde mbili hivi, kisha hunyamaza. Pakiwa kimya kabisa, tafuteni fyuzi ya pampu kwanza. Iliyoungua ibadilishwe kwa yenye namba ile ile, wala wasiwadanganye watu kuweka waya mtupu mahali pa fyuzi. Ikiungua tena papo hapo, mwiteni fundi wa umeme, maana fyuzi imekufa ili kuokoa gari.

DALILI NA MAANA YAKE

Mganga mzuri humsikiliza mgonjwa kabla ya kuandika dawa. Nasi tulisikilize gari.

Linakwenda vizuri kilometa chache, linazimika, likipumzika linawaka tena. Fungueni kifuniko cha tangi mara tu linapozimika. Mkisikia hewa ikivutwa kwa mlio, "fyuuu", tundu la kupumulia limeziba, labda kwa vumbi au kwa nyigu aliyejenga nyumba yake humo. Kisafisheni kifuniko au mkinunue kipya. Wapo waliobadilisha pampu kwa ajili ya kosa hili dogo.

Linazimika mchana wa jua kali baada ya safari ndefu au kusimama kwa muda. Petroli iliyo kwenye bomba karibu na injini huweza kuchemka na kuwa mvuke, na pampu haiwezi kusukuma mvuke. Fungueni boneti, subirini kama nusu saa kivulini. Kitambaa kibichi kikiwekwa juu ya pampu ya ubavuni husaidia. Tabia hii ikizidi, fundi atazame kama bomba limesogea karibu na ekzosi.

Linatembea vizuri tambarare lakini linaishiwa nguvu likipanda mlima na mzigo. Hapo injini inadai mafuta mengi kuliko yanayopita. Mshukiwa wa kwanza ni chujio lililojaa uchafu. Katika magari mengi ya zamani chujio ni kikopo cha plastiki kinachoonyesha ndani. Likiwa na rangi ya kahawia au chembechembe za kutu, libadilishwe, na mshale wake uelekee upande wa injini. Bei yake ni ndogo. Chujio jipya likichafuka tena baada ya siku chache, tangi limeota kutu na lahitaji kuoshwa. Sisi wa pwani tuna hewa ya chumvi, na magari yetu hula kutu mapema.

Linatoa moshi mweusi na kunywa mafuta kupita kiasi. Mafuta ni mengi kuliko hewa. Anzieni na chujio la hewa, ambalo vumbi la njia zetu hulijaza haraka. Kisha tazameni kama choki imekwama ikiwa imefunga. Vikiwa vizuri vyote viwili, boya la kabureta huenda limetoboka au sindano yake haifungi, na hiyo ni kazi ya fundi.

Haliwaki na harufu ya petroli imejaa kila mahali. Injini imelowa kwa mafuta. Acheni dakika 10 au 15. Kisha, kwa gari la kabureta, kanyageni pedeli mpaka chini bila kuipampu, mpige stata kidogo. Hewa itaingia kwa wingi na kuikausha. Ila mkiona petroli ikidondoka, msipige stata kabisa mpaka mjue inakotoka.

Mafuta ya injini yananuka petroli. Chomoeni kile kijiti cha kupimia oili, mkinuse. Oili ikiwa nyepesi, imepanda kupita alama na inanuka petroli, utando wa pampu ya ubavuni huenda umepasuka na petroli inamwagikia ndani ya injini. Msiliendeshe. Oili iliyochanganyika na petroli haililindi gari, na injini yaweza kufa njiani.

Unanuka petroli ndani ya gari. Hili halingoji kesho. Piteni chini kwa chini na tochi, injini ikiwa baridi, mkifuata bomba kutoka kwenye tangi. Tafuteni alama ya umajimaji, mpira uliokauka na kupasukapasuka kama kisigino cha kiangazi, klipu iliyolegea. Mpira wa mafuta ubadilishwe kwa mpira wa mafuta. Wa maji huyeyuka na kupasuka.

MAJI KATIKA MAFUTA

Gari likianza kukohoa na kurukaruka muda mfupi baada ya kujaza mafuta, wazieni maji. Katika nchi yetu ya Rufiji maji hupata njia nyingi za kuingia. Mvua huingia penye dumu lisilofungwa vizuri. Tangi linalokaa nusu tupu wakati wa masika hupata umande ndani, kama sufuria lenye mfuniko. Tena mafuriko ya Aprili 2024 yaliyozikumba Rufiji na Kibiti yametukumbusha kwamba maji hayabishi hodi, na chombo chochote kilichozamishwa kisiwashwe kabla mafuta yake hayajakaguliwa.

Njia ya kupima ni rahisi. Wakati fundi anapobadilisha chujio, mwambieni amimine mafuta yaliyomo kwenye chupa safi ya kioo. Iacheni itulie. Petroli na dizeli ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo maji yatakaa chini na mstari utaonekana wazi katikati. Chupa hiyo iandikwe, iwekwe mbali na watoto, na imwagwe na fundi mahali pafaapo, si kisimani wala penye bustani ya mchicha.

Lingine ni mafuta yaliyochanganywa. Miaka ya nyuma mafuta ya taa yalikuwa na bei ndogo mno kuliko petroli na dizeli, na wenye tamaa waliyachanganya. Serikali kupitia EWURA ilianza kuweka alama maalumu kwenye mafuta mwaka 2010, na katika bajeti ya 2011 kodi ya mafuta ya taa ilipandishwa ili faida ya mchezo huo ipungue. Hata hivyo, uangalifu haujapitwa na wakati. Dondosheni tone la petroli kwenye karatasi nyeupe, nje penye upepo. Petroli safi hukauka na kuondoka. Ikibaki alama ya mafuta, pana jambo la kuuliza. Jaribio hilo ni dalili tu, si hukumu, basi msimtangaze mwenye kituo njiani. Tunzeni risiti, na malalamiko yapelekwe EWURA wenye vipimo.

MAGARI YA DIZELI

Dizeli haina plagi ya cheche. Huungua kwa joto la hewa iliyobanwa ndani ya injini. Adui zake wakubwa ni maji, uchafu na hewa ndani ya bomba.

Dizeli ikiisha kabisa njiani, kujaza peke yake mara nyingi hakutoshi, kwa sababu bomba limejaa hewa. Magari mengi ya zamani, kama Land Cruiser na Hilux za dizeli, yana kipampu cha mkono juu ya chujio. Hubonyezwa mara nyingi mpaka kiwe kigumu, ndipo stata hupigwa. Kikikataa kuwa kigumu, kuna mahali panapovuta hewa, aghalabu penye mpira au klipu. Chini ya chujio hilo hilo mara nyingi kuna kiskrubu cha kutolea maji. Kifunguliwe kidogo, maji yatoke mpaka ije dizeli safi, kifungwe.

Kwenye vibomba vya chuma vyembamba viendavyo kwenye nozeli msiweke mkono kutafuta panapovuja wakati injini inazunguka. Dizeli hutoka humo kwa nguvu ya kupenya ngozi kama sindano. Jeraha lake huonekana dogo, lakini ni la kukimbizwa hospitali saa hiyo hiyo.

Tena, ikiwa petroli imejazwa kwa makosa katika gari la dizeli, msiwashe injini. Lisukumwe kando, tangi litolewe mafuta na fundi. Hasara ya tangi moja ni ndogo kuliko ya pampu nzima.

DADA ZETU WA DELTANI

Tangu Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, magari yapitayo njia kuu ya kusini ni mengi, na aliyekwama karibu na Ikwiriri hupata msaada. Lakini Nyamisati barabara inaishia majini, na kwenye visiwa vya mikoko, Salale na Mbwera, gari la nyumba ni boti yenye mashine. Mashine ikizimika penye mdomo wa mto maji yanapokupwa, chombo hukokotwa baharini. Habari njema ni kwamba mfumo wake ni ule ule.

Tazameni lile tunguli la mpira lililo katikati ya mpira wa mafuta. Likibonyezwa na kuwa gumu, mafuta yanafika kwenye mashine, basi angalieni plagi na kabureta. Likibaki laini hata baada ya kubonyezwa sana, tangi ni tupu au hewa inavutwa mahali. Likinywea na kuwa bapa wakati mashine inafanya kazi, njia imeziba nyuma yake, au kitundu cha kupumulia cha tangi kimesahauliwa kufunguliwa. Kwa mashine zinazochanganywa oili na petroli, kipimo ni kile kilichoandikwa na waliozitengeneza. Kukadiria kwa macho kumeua mashine nyingi. Hakuna chombo cha kutoka bila makasia na maboya ya kujiokolea, hata kama mashine imetengenezwa jana.

MAHALI PA KUISHIA, NA NAMNA YA KUSEMA NA FUNDI

Mama amefanya sehemu yake akiisha kujua mafuta yanafika au hayafiki, na kama hayafiki, yamekwama karibu na wapi. Kufungua tangi, kufungua bomba la gari lenye nozeli, kuchomelea chuma karibu na tangi, hayo ni ya fundi. Bomba la gari lenye nozeli hubaki na nguvu ya kusukuma hata injini ikiwa imezimwa, na likifunguliwa ovyo hurusha petroli usoni. Tangi tupu nalo ni la kuogopwa zaidi penye moto, maana limejaa mvuke.

Kwa fundi, tunashauri jambo moja: mwambieni dalili, msimtajie kifaa. Ukisema, "Njoo na pampu," ataleta pampu na utailipia. Ukisema, "Stata inazungusha vizuri, ekzosi hainuki petroli, pampu hailii ukiwasha swichi, na fyuzi tumeitazama ni nzima," fundi mwema atafurahi kwa kuwa umempunguzia kazi, na asiye mwema atajua kwamba nyumba hii ina macho. Ombeni bei kabla ya kazi, na kifaa cha zamani kirudishwe mkononi mwenu.

Kwa mume, busara ya nyumba itumike. Gari ni mali yenu wote wawili. Kagueni pamoja Jumamosi moja mchana, yeye akionyesha na mama akiandika. Baba asione haya kufundishwa na mkewe, wala mama asigeuze ujuzi wake kuwa fimbo ya kumchapia mwenzake mbele ya watoto. Nyumba ambayo watu wawili wanajua fyuzi iko wapi ni salama kuliko nyumba ya bingwa mmoja aliyesafiri.

DAFTARI LA GARI

Mwisho, tunawaomba mtenge daftari dogo likae ndani ya gari. Kila mkijaza tangi liandikwe: tarehe, namba ya kilometa, lita na kituo. Mkijaza tangi hadi juu, mkatembea kilometa 432, kisha mkajaza tena likaingia lita 48, gari linatumia lita moja kwa kilometa 9. Mwezi ujao likionyesha 7, gari linawaambia mapema kwamba kuna panapovuja, kilichoziba au kilichokwama. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Andikeni pia siku chujio lilipobadilishwa. Wekeni akiba garini: chujio moja, kipande cha mpira wa mafuta, klipu mbili, fyuzi, bisibisi na tochi. Vyote vinaingia kwenye mfuko mmoja wa kitenge.

Na tangi lisishuke chini ya robo, hasa wakati wa masika na hasa ikiwa jirani yuko karibu kujifungua. Bwana wetu alipotoa mfano wa wanawali kumi katika Mathayo sura ya 25, wote kumi walikuwa na taa, na wote walisinzia. Tofauti yao ilikuwa ni mafuta yaliyoandaliwa mapema. Usiku ule mlango utakapogongwa, kutoka kijijini mpaka hospitali ya Mchukwi au Utete, hakutakuwa na nafasi ya kutafuta dumu.

Kesho asubuhi, watoto wakiisha kwenda shule, nendeni penye gari mkavute kijiti cha oili, mkifungue na kukifunga kifuniko cha tangi, mkalitafute chujio lilipo. Hizo ni dakika 15 tu. Mungu awabariki ninyi na wote watakaosafiri ndani ya gari lenu.